Picha za infraredi Dodoma: dalili za matatizo na pa kuanzia kukagua

Malalamiko ya wanaopiga mandhari kwa infraredi hapa kanda ya kati hujirudia. Majani yamegoma kuwa meupe, kama infraredi inavyotarajiwa kuyatoa. Picha yote imekuwa nyekundu. Kuna doa katikati ya anga. Filamu imetoka tupu mwanzo hadi mwisho. Na mlalamikaji karibu kila mara ameshatoa hukumu: kamera mbovu, au fundi aliyeigeuza (aliyetoa kioo cha kuzuia infraredi kilicho mbele ya sensa) kamla hela. Huenda ni kweli, lakini mashine iwe ya mwisho kushukiwa. Kwa Dodoma anza na jua na jani, ndipo uje kwenye filta, lenzi na mipangilio, na ndani ya kamera uingie mwisho kabisa. Hapa chini nimepanga kwa dalili, na katika kila dalili sababu inayotokea zaidi imetangulia.

Kwanza tuelewane kuhusu mwanga wenyewe. Jicho la binadamu huishia karibu nanomita 700. Infraredi ya picha huanzia hapo na kwenda hadi kama 900 au 1,000, kutegemea filamu au sensa uliyonayo. Hiyo siyo infraredi ya joto. Miamba ya Mlima Simba ikichomwa na jua la Oktoba hadi huwezi kuikalia, haitang'aa kwenye picha kwa ajili ya joto hilo. Utaona tu mwanga wa jua inaourudisha. Anayetaka kupiga picha za joto atafute kifaa kingine, na bei yake nyingine.

Onyo la macho. Filta ya nanomita 720, yaani inayopitisha mwanga kuanzia hapo kwenda juu, ukiitazama ni nyeusi, ndiyo maana watu hudhani inakinga jicho. Haikingi. Inazuia mwanga ambao ungekufanya ufumbe jicho, halafu inapitisha ule usiouhisi. Usitazame jua kupitia filta hiyo, wala kupitia kitazamio (tundu la kuchungulia) cha DSLR, kamera ya dijitali yenye kioo cha ndani, iliyoivaa. Ukibaki na doa lisiloondoka machoni, acha kamera uende hospitali siku hiyohiyo.

Dalili: majani hayawi meupe

Hii ndiyo inayoongoza, na sababu yake ya kwanza ni kwamba majani yenyewe hakuna.

Weupe ule unaitwa athari ya Wood, kwa jina la Robert W. Wood, mwanafizikia wa Marekani aliyechapisha picha za infraredi mwaka 1910. Hautokani na rangi ya kijani. Klorofili huiachia infraredi ipite. Kinachoirudisha ni seli na nafasi za hewa ndani ya jani bichi lililojaa maji. Jani likikauka, muundo ule unavurugika na tofauti inapungua. Sasa fikiria Dodoma kuanzia Juni hadi Novemba: mibuyu imebaki matawi, vichaka vimepukutika, nyasi zimekuwa rangi ya mkeka. Nyasi kavu bado hurudisha infraredi kiasi, na udongo mwekundu nao hurudisha vizuri, hivyo ardhi yote hutoka kijivu kimoja. Ukiwa Kongwa au Mpwapwa mwezi wa Septemba unaweza kubadilisha filta mpaka uchoke. Picha itabaki kijivu.

Ukaguzi wake hauhitaji kifaa. Tafuta mwarobaini, ambao mjini haukosekani na hubaki na kijani karibu mwaka mzima, upige ukiwa juani. Mwarobaini ukitoka mweupe na kichaka kikitoka kijivu, kamera yako ni nzima. Shamba la zabibu lenye umwagiliaji nalo ni kipimo kizuri, Hombolo au Makutupora, ila muulize mwenye shamba alipogoa lini, maana mizabibu iliyotoka kupogolewa ni vijiti vitupu hata katikati ya masika. Kwa anayependa kusaka, kuna mgunga mmoja, *Faidherbia albida*, unaokwenda kinyume na wenzake: masika hupukutisha, kiangazi huvaa majani. Ukiupata peke yake kwenye shamba kavu, umepata picha ambayo watu wa nchi za baridi hawana. Wengine tunasubiri mvua. Mibuyu ikishavaa majani, kuanzia Desemba hivi, hata simu mbovu iliyogeuzwa inakuwa hodari.

Sababu ya pili ni wingu. Mawingu mazito yakitanda, mwanga unaofika chini husambaa pande zote, tofauti ya jani na anga inafifia, na picha inakuwa kama ya kawaida iliyoondolewa rangi. Subiri jua litoke. Uzuri wa infraredi kwa mpiga picha wa hapa ni kwamba saa ambazo wengine wanafunga mabegi ndizo zako: saa tatu hadi saa tano asubuhi, na tena saa tisa hadi saa kumi na moja jioni. Saa sita kamili si nzuri sana, hasa mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba ambapo jua la mchana liko juu ya utosi na vivuli vyote vimejificha chini ya miti.

Ya tatu ni filta. Ya 590 hupitisha rangi ya chungwa na nyekundu kwa wingi, kwa hiyo majani yake yatakuwa ya manjano au dhahabu mpaka uyashughulikie kwenye kompyuta; ndivyo ilivyotengenezwa. Ya 720 ndiyo ya kati, na Hoya R72 ndiyo jina utakalolisikia zaidi. Ya 830 au 850 ni nyeusi na nyeupe tupu. Kuna pia filta za bei ya bure zilizoandikwa 720 ambazo ni kioo chekundu kilichokolea. Ipime kwa balbu ya zamani ya waya, ile inayopasha moto: filta halali itaonyesha wekundu wa mbali, wa damu ya mzee, na si zaidi. Usipime kwa balbu ya LED. Taa hizo karibu hazitoi infraredi, na wengi wamerudisha kamera nzima dukani kwa sababu ya jaribio walilofanya sebuleni chini ya LED.

Ya nne, kwa wenye filamu: filamu na filta havilingani. Ilford SFX 200 huona hadi nanomita 740 hivi. Rollei Infrared 400 hufika karibu 820. Ukiivalisha SFX filta ya 830 utapata negativu tupu, na hilo hulirekebishi kwa kuongeza muda wa mwanga. Kodak HIE, iliyokuwa ikiona mbali kuliko hizi na kutoa ule ukungu mtamu kuzunguka majani, iliachwa kutengenezwa mwaka 2007. Ukungu ule ulitokana na filamu kukosa tabaka la kuzuia mwanga usirudi nyuma. Kwa hiyo ukitumia Rollei huku unalinganisha na picha za zamani, tofauti unayoiona haikutokana na kosa lako.

Ukimaliza yote hayo, pima kamera. Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye lenzi, bonyeza kitufe upige picha chumba kikiwa na giza. Kamera iliyogeuzwa vizuri itaonyesha taa ya rimoti inawaka vikali hata kwa muda mfupi wa shata. Ikionyesha kidogo sana au isionyeshe, basi kioo cha kuzuia infraredi bado kimo mbele ya sensa. Hapo sasa una haki ya kumrudia fundi.

Na kabla hujaenda: maji kuwa meusi si kosa. Maji hunyonya infraredi, na juu yake yanaakisi anga lililo jeusi. Bwawa la Hombolo likitoka kama wino, iko sawa. Baada ya mvua kubwa maji yenye tope hutoka kijivu, nayo ni sawa.

Dalili: picha yote nyekundu au ya zambarau

Kwa kamera iliyogeuzwa hii ni hali ya kuzaliwa. Mizani ya weupe, yaani mpangilio unaoiambia kamera kipi ni cheupe, iliyotoka kiwandani haikuwaza mwanga huu. Fanya hivi kwanza: simama juani, jaza fremu kwa majani mabichi au nyasi za bustani iliyomwagiliwa, kisha weka mizani ya weupe maalumu kwa picha hiyo. Usitumie karatasi nyeupe wala ukuta. Jani ndilo unalotaka liwe jeupe.

Baadhi ya kamera hukataa kipimo hicho na kusema hakifai. Jaribu kuangaza kidogo zaidi au kidogo pungufu, kisha rudia. Ikikataa kabisa, piga faili ghafi, lile la RAW, upimie kwenye kompyuta. Kwa kweli piga RAW siku zote. JPEG ya infraredi ikishaungua kwenye nyekundu hairudi.

Kwenye kompyuta kuna mtego mmoja unaowapotezea watu usiku mzima. Kitelezi cha joto la rangi cha Lightroom, programu ya kuhariri picha, huishia Kelvini 2,000, na infraredi ya 720 inataka chini ya hapo. Unavuta hadi mwisho, picha bado ni nyekundu. Tiba yake ni kutengeneza profaili ya kamera yako kwa DNG Profile Editor, programu ya bure ya Adobe, ukishusha joto la rangi hadi mwisho wa kitelezi chake, kisha uichague profaili hiyo ndani ya Lightroom. Asiyetaka hekaheka hiyo atumie darktable, nayo ni ya bure, inayokuruhusu kuchagua kipande cha picha na kukifanya kiwe cheupe moja kwa moja.

Anga la kahawia nalo linaulizwa sana. Picha ya 720 iliyopimwa kwa jani hutoka na anga la kahawia au shaba. Lile la buluu unaloliona kwa wengine hupatikana kwa kubadilishana chaneli, yaani zile rangi za msingi zinazounda picha: nyekundu ipewe 0 ya nyekundu na 100 ya buluu, na buluu ipewe 100 ya nyekundu na 0 ya buluu. Ya 830 haina cha kubadilishana, maana chaneli zake zote zimebeba kitu kilekile. Ifanye nyeusi na nyeupe uendelee na maisha. Maoni yangu ni kwamba milima yetu ya mawe na mibuyu hupendeza zaidi bila rangi kabisa, lakini hilo si la fundi kuamua.

Kamera iliyogeuzwa kuona kila kitu, bila filta ya nje, itatoa rangi za ajabu zisizopona kwa mizani yoyote. Vaa filta mbele ya lenzi.

Dalili: picha haina ukali

Upepo. Watu huanza na lenzi, lakini Dodoma anza na upepo. Kiangazi hapa huvuma karibu kila mchana, na anayetumia kamera isiyogeuzwa na filta ya R72 huacha shata wazi sekunde kadhaa hadi nusu dakika au zaidi. Mwamba utatoka mkali na matawi yatakuwa pamba. Kuza picha uangalie: jiwe kali, jani limefifia, basi tatizo ni upepo. Toka mapema asubuhi kabla haujaamka, ning'iniza begi kwenye stendi, usinyooshe nguzo ya kati. Au ufurahie pamba yako.

Kama na mwamba umefifia, sababu inayofuata ni fokasi. Infraredi hukusanyika nyuma kidogo ya pale mwanga wa kawaida unapokusanyika. Lenzi nyingi za zamani za mkono zina nukta nyekundu au herufi R pembeni ya alama ya umbali. Fokasi kawaida bila filta, soma umbali, kisha usogeze umbali huo hadi kwenye nukta. Lenzi za sasa nyingi hazina alama hiyo. Kwa kamera ya dijitali, fokasi kupitia skrini ya nyuma. Hapo kamera hupima kwenye sensa yenyewe na tatizo linaisha. DSLR iliyogeuzwa inapotumia kitazamio cha macho hupima kwa sensa nyingine ya pembeni, na kama fundi hakuirekebisha, itakosea kila mara kwa upande uleule. Kamera zisizo na kioo cha ndani hazina ugonjwa huu.

Pima hivi: weka kamera kwenye stendi, piga ukuta wa matofali kwa kitazamio, kisha kwa skrini ya nyuma, tundu la lenzi likiwa wazi. Skrini ikishinda kwa kila lenzi, fundi anatakiwa kurekebisha mpangilio wa fokasi. Ikishinda kwa lenzi moja tu, tumia skrini kwa lenzi hiyo. Haina haja ya kufungua kamera.

Sababu ya tatu ni kubana tundu kupita kiasi (namba ya f ikikua, tundu linakuwa dogo). Kadiri wimbi linavyorefuka ndivyo mwanga unavyotawanyika zaidi kwenye tundu dogo, hivyo f/16 ya infraredi ni laini kuliko f/16 uliyoizoea. Kaa f/8 hadi f/11.

Upande mmoja wa picha ukiwa mkali na mwingine umefifia kila mara, kwa lenzi zote, sensa au kioo kilichowekwa kimekaa upande. Acha hapo. Urefu wa sensa hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, na bisibisi ya nyumbani haina kipimo hicho.

Dalili: doa jeupe katikati

Rangi ya ndani ya lenzi na mipako ya vioo vyake ilitengenezwa kuzuia mwanga unaoonekana. Infraredi hugongagonga humo na kurudi katikati kama duara lililofifia. Bei haisaidii: kuna lenzi ghali zenye doa na za plastiki zilizokuja na kamera zisizo nalo.

Elekeza kamera kwenye anga tupu, jua likiwa mgongoni, upige f/4, f/8 na f/16. Doa likikaza kadiri unavyobana, ni lenzi. Fungua tundu hadi lipotee, mara nyingi f/5.6 inatosha. Vaa kofia ya lenzi, na usiweke jua karibu na fremu. Lenzi ikiwa na doa hata ikiwa wazi, iachie kazi nyingine. Doa hafifu linafutika kwenye kompyuta kwa kichujio cha duara, ukipunguza mwanga na kugusa rangi kidogo.

Mwanga unaoonekana ukingoni badala ya katikati, kwa muda mrefu wa shata, ni habari tofauti. Kwanza ziba kitazamio cha macho. Jua la nyuma huingia hapo kwa urahisi, na kipande cha gundi nyeusi kinatosha. Mwanga huo ukibaki palepale hata gizani, huenda kamera yako ni miongoni mwa zile zenye taa ndogo ya infraredi ndani ya kuchunga shata. Hiyo haitibiki bila kufungua.

Dalili: negativu tupu, au nyeusi kama lami

Angalia kwanza maandishi ya kiwandani pembeni mwa filamu. Kama yapo na fremu hazipo, filamu ilisafishwa sawa ila haikupata mwanga wa kutosha. Kama hata maandishi hayapo, kosa ni la dawa: imekwisha nguvu, au fiksa, dawa ya mwisho ya kukazia picha, ilitangulia.

Mwanga mdogo kwa kawaida hutokana na kuamini mita ya kamera ikiwa na filta. Sensa ya mita haioni infraredi jinsi filamu inavyoiona. Vua filta, pima kwa mkono, kisha ufanye kana kwamba filamu ni ya polepole. Kwa Rollei Infrared 400 na R72 kwenye jua kali la hapa, anza f/11 na 1/15 ya sekunde, kisha 1/8 na 1/4. Ilford SFX 200 na filta hiyohiyo inahitaji zaidi: anza f/11 na 1/4, ongeza hadi sekunde nzima. Andika kila fremu kwenye daftari. Kubahatisha fremu tatu kwa mandhari moja kunauma ukiangalia bei ya filamu, ila kurudi Kondoa kwa ajili ya picha uliyoikosa kunauma zaidi.

Negativu nzito mno hutokea zaidi jioni. Jua likishuka, sehemu ya infraredi katika mwanga huwa kubwa kuliko mita inavyodhani. Punguza.

Kwa dijitali, picha zinazoungua bila onyo husababishwa na kuangalia histogramu (chati ya mwanga wa picha) moja ya jumla. Fungua ile ya rangi tatu. Nyekundu huwa imeshagonga ukuta wakati ya jumla bado imetulia.

Dalili: ukungu au michirizi kwenye filamu

Michirizi mwanzoni mwa filamu na kufifia kadiri unavyoendelea: umeipakia juani. Rollei Infrared imetengenezwa juu ya plastiki angavu inayopitisha mwanga kwa ndani kuanzia ulimi wa filamu, na kopo lake likifunguliwa kwenye stendi ya basi saa saba mchana fremu za kwanza huliwa. Pakia ndani ya chumba chenye giza au mfuko wa kubadilishia, na uitoe hivyohivyo.

Ukungu wa mstari ulionyooka kwenye ukingo wenye matundu, filamu nzima: kamera nyingi za kielektroniki za miaka ya 1990 huhesabu matundu kwa taa ya infraredi. Filamu ikiwa inaona mbali, taa hiyo inaichoma. Dawa ni kamera ya mitambo. Nikon FM2, Pentax K1000, Olympus OM-1, hata Zenit ya mzee iliyoko kabatini, hazina taa hiyo. Ziba pia kidirisha cha nyuma cha kuonea jina la filamu.

Ukungu uliosambaa sawasawa kote ni joto, umri, au mashine ya ukaguzi ya uwanja wa ndege. Filamu isikae kwenye dashibodi safari ya Mtera. Ihifadhi kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na uiache nje saa kadhaa kabla ya kufungua kopo ili isitoe jasho. Uwanjani omba ikaguliwe kwa mkono, hasa palipo na mashine mpya za CT.

Dalili: madoa, chembe kubwa, weusi usio sawa baada ya kusafisha

Maji. Maji ya Dodoma hutoka kwa sehemu kubwa kwenye visima vya Mzakwe na yana madini mengi. Yakikauka kwenye filamu yanaacha alama zile unazoziona kwenye sufuria la chai. Suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyochujwa madini. Wauza vipuri vya magari wanayo, yanaitwa maji ya betri, lakini hakikisha unapewa maji na siyo asidi, chupa hufanana. Asidi ikikugusa ngozi, mimina maji mengi uende kituo cha afya.

Joto la dawa ni la pili. Majedwali hutumia nyuzi 20, na maji ya simtanki lililoshinda juani yanaizidi kwa mbali. Dawa ya moto huharakisha kazi, chembe zinakuwa kubwa, anga linapata mawimbi. Weka chupa za dawa kwenye beseni lenye barafu, pima kwa kipimajoto, na dawa zote zilingane joto, fiksa pamoja nayo. Au safisha usiku.

Dalili: milima ya mbali bado imefifia

Umesoma kwamba infraredi hukata ukungu, ukapanda kilimani Agosti, na upeo wa macho umebaki maziwa. Infraredi hukata ukungu wa buluu unaotokana na molekuli za hewa: kwenye nanomita 800 mtawanyiko huo ni kama sehemu moja ya 16 ya ule wa 400. Vumbi na moshi wa mashamba ni chembe kubwa, nazo hazijali unatumia mwanga gani. Rudi siku moja baada ya mvua, hewa ikiwa imeoshwa. Hakuna kifaa cha kununua hapa.

Na ukiwa juu ya kilima chochote cha mji huu, kumbuka mji ni makao makuu. Stendi, filta nyeusi na lenzi ndefu karibu na majengo ya serikali au kambi vitaleta maswali. Omba ruhusa kabla. Ni hivyohivyo kwenye michoro ya miambani Kolo, ambako utapita ofisi ya mambo ya kale kwanza.

Dalili: madoa meusi yasiyohama kwenye kila picha ya dijitali

Vumbi kwenye sensa. Kamera nyingi hujikung'uta kwa kutikisa kioo cha mbele ya sensa, na kioo hicho huweza kuwa ndicho kilichotolewa wakati wa kugeuza. Kwa hiyo kamera iliyogeuzwa huchafuka haraka, na Dodoma huchafuka mara mbili. Badilisha lenzi ndani ya gari madirisha yakiwa yamefungwa, mdomo wa kamera ukiangalia chini. Puliza kwa mpira wa hewa. Usipulize kwa mdomo wala kwa kompresa ya gereji.

Doa lisiloondoka kwa hewa linahitaji kijiti laini na kimiminika chake. Kabla ya kugusa, muulize aliyeigeuza aliweka kioo gani. Vingine vina mpako unaochubuka. Vumbi lililonaswa kati ya kioo na sensa, doa lenye umbo la kutu au la ukungu wa fangasi, au kioo kilichopata ufa: usiguse, peleka.

Dalili: kamera haiwaki, au inawaka na kutoa kosa, baada ya kugeuzwa

Badilisha betri, safisha miguso yake kwa kitambaa kikavu, toa kadi, jaribu lenzi nyingine. Ikiwaka, umemaliza. Isipowaka, kuna uwezekano mkubwa wa utepe mwembamba wa waya kutokukaa vizuri ndani, kosa la kawaida la ugeuzaji.

Usifungue. Kamera yenye flashi ina kapasita inayoshika zaidi ya volti 300, na hubaki na chaji hata betri ikiwa mezani. Inaweza kukuumiza vibaya, na bodi ikaungua papo hapo. Mwondoe pia fundi simu kwenye hesabu, hata kama ni jirani na ana mikono mizuri. Mtafute fundi kamera, umuulize maswali mawili kabla ya kumkabidhi: ataweka kioo cha unene gani badala ya kile alichokitoa, na atapimaje fokasi akimaliza. Asiyejibu la pili, chukua kamera yako uondoke.